Ratiba Nyuma ya Machi

Miaka kumi na tisa nimesimama kando ya mizani ya ghala,
napima ndoo za asali kutoka Sikonge na Ulyankulu,
natoa uzito wa chombo, naandika kinachobaki,
na sikuwahi kuipanda mwenyewe
hadi vijana waliponitania Jumamosi moja.
Mshale uliruka kama umeshtuliwa.
Nikacheka nao. Nikashuka. Sikuandika.

Muuguzi wa Kitete hakucheka.
Alinifunga kile kitambaa mkononi, akakijaza upepo,
akahamia mkono wa pili, akarudi wa kwanza:
"Mama Kalunde, moyo wako unapanda mlima
na wewe umekaa kitini."

Usiku huo nilichana Machi ukutani,
nikaigeuza, nikachonga penseli kwa kisu cha vitunguu,
nikapiga mistari.

Jumatatu, miguu: kuchuchumaa na kuinuka,
mara kumi, kupumua, mara kumi tena,
dumu la lita tano kila mkono.
Kilo tano na robo, kwa kweli, maana dumu nalo lina uzito wake.
Kazi haimwachi mtu.

Jumanne, moyo: kuruka kamba nyuma ya jiko
kabla Zuwena hajatoka kufagia,
kwa sababu mwanamke wa miaka hamsini na mbili
akirukaruka uani peke yake
Isevya nzima itakuwa na maelezo.

Jumatano niliandika, nikafuta, nikaandika:
kusukuma ukuta.
Mimi na sakafu tutazungumza Juni.

Alhamisi, pumziko.
Kalunde alisoma juu ya bega langu:
"Mama, hapo tu ndipo umepiga mstari mara mbili."
Nikamwambia, misuli ni unga wa maandazi,
hauumuki wakati unaukanda.
Akaenda kulala akicheka peke yake.
Ijumaa, kamba tena. Jumamosi, madumu. Jumapili niliiacha wazi,
nikijua Jumapili hujijaza yenyewe.

Jumatatu ilikwenda kama ilivyoandikwa.
Jumanne kamba ilinasa khanga, khanga ikavuta sufuria,
sufuria ikaamsha mtaa.
"Nyoka?" Zuwena, juu ya ua, ufagio mkononi.
"Hapana."
"Nini basi?"
Nikamwonyesha kamba.
Aliitazama kitambo. Akazunguka, akavua kandambili.
"Shuleni nilikuwa nafika mia."
Alifika saba. Akashika kiuno, akatema kicheko, akauliza:
"Kesho saa ngapi?"

Kesho hatukuruka wala kusukuma ukuta.
Asubuhi ilikuja na habari kutoka Kiloleni:
Mihayo, mpagazi wetu wa ghala, aliyebeba magunia
tangu kabla sijaajiriwa,
mgongo kama mlango.
Moyo, walisema. Usingizini.
Tulichota maji ya msiba mimi na Zuwena, ndoo baada ya ndoo,
na jioni, mbele ya ile karatasi, penseli ikanishinda.
Niliandika: ndoo kumi na nne, mikono, mabega.
Nikaona aibu.
Nikafuta hesabu, nikaacha jina lake
kwenye kisanduku cha Jumatano.

Alhamisi nilipumzika bila kupumzika.
Ijumaa sikufanya kitu, na sitoi sababu.

Sasa Aprili iko ukingoni.
Mizani ya ghala, nikiipanda wenzangu wakiwa chai,
inasema yaleyale, pungufu ya robo,
na robo hiyo yaweza kuwa viatu.
Lakini ghala lina ngazi kumi na moja,
na juzi nilizipanda nikimgombeza dereva wa lori,
neno juu ya neno, hadi juu,
na ni yeye aliyesimama kuvuta pumzi.

Nimeichana Aprili kabla haijaisha.
Ya sasa nimeipiga mistari kwa rula.
Jumanne na Ijumaa zina herufi Z.
Sakafu nimeiandikia Mei.