Dakika Mbili na Nusu

Ijumaa walimuaga Gwilym Prosser.
Keki ya umbo la runinga, hotuba tatu,
na zawadi ya saa ya mkononi, yeye
ambaye kwa miaka thelathini na minne
alifukuzwa na saa.

Mimi nilimbebea kamera ishirini na miwili kati ya hiyo.
Bega langu la kulia limeshuka;
fundi wangu wa nguo pale Splott
hanipimi tena, hushona akijua.

Naijua karatasi yake ya maswali,
aliyoikunja mara nne, akaitia mfukoni,
asiitazame tena.
Nakijua kikohozi kimoja kabla taa nyekundu haijawaka.
Na mvua ya Ghuba ya Cardiff, ijayo kwa ubavu,
mwavuli ukageuka bakuli,
naye, maji yakimtiririka kisogoni,
anawaambia walioketi kwao, kwa sauti kavu:
bajeti imepita kwa kura mbili.

Mawaziri walimpita ngazini
wakizungumza na simu zilizozimwa.
Aliyenaswa alimung'unya takwimu kama kibogoyo.
Gwilym hakupiga kelele.
"Ulilijua, au hukulijua?"
Kisha kimya.
Kimya kile kiliwatoa watu jasho mwezi wa Januari.

Mwaka tanuri la chuma lilipozimwa kule bondeni
tulimkuta Eirwen Maddocks, naibu waziri,
ndani ya gari, nyuma ya kiwanda alichomzikia baba yake ujana.
Saini ilikuwa yake.
Analia kama mtoto aliyesahaulika shuleni.
Nilishamlenga, nilishamkaza, picha ya mwaka.
Kiganja cha Gwilym kikafunika lenzi.
"Habari ni saini," alisema. "Zima."

London walipiga simu, wakatukana.
Kile cheo alichoahidiwa kikaenda kwa kijana mmoja wa Bristol.
Nami sikumsemesha siku tisa, nakiri.
Ila kesho yake tu
alimkalisha mama yule mbele ya taa,
akamuuliza ulilijua au hukulijua,
akanyamaza, wala hakumwonea huruma.
Kufikia jioni hakuwa waziri tena.

Nimepiga hesabu nyuma ya risiti ya kantini:
dakika mbili na nusu kwa taarifa,
taarifa mia mbili kwa mwaka.
Maisha yake yote hewani
ni siku kumi na moja na ushei.
Zilizosalia alisimama nje ya milango.

Jumatatu nikamwona sokoni, kwenye foleni ya samaki,
saa mpya hajaivaa.
"Huyu kavuliwa lini?"
"Wa leo, mzee, wa leo hii."
Gwilym akamtazama, akanyamaza.
Muuzaji akapangusa kisu. Akapanga barafu. Akakipangusa tena.
"Alhamisi," akasema.