Jiko la Ndani

Daktari Katana kanilaza ubavu wa kushoto,
kanipa kipande cha plastiki nikiume.
Bomba jeusi, jembamba kuliko kidole changu cha shahada,
likapita kooni na taa nchani.
"Ukitaka tazama," akasema. "Lile pale tumbo lako."

Nikatazama.
Mpishi wa arusi miaka thalathini na mbili,
masufuria yangu yajulikana toka Barani hadi Mambrui,
na leo ndipo naonyeshwa jiko langu mwenyewe.

Jekundu. Limelowa. Lina mikunjo
kama shuka iliyokamuliwa ikasahauliwa ndooni.
Tangu jana magharibi sijala, halina cha kupika,
nalo lajikunja, lajikunjua,
mfano wa Bwanaheri, kijana wangu wa kazi,
akoroga chungu kitupu akiniona naja.

Katana hasemi kimyakimya, mkono wake ukifanya kazi mdomo nao hufanya.
Mimi namsikia kipishi:
mate huanza kuuvunja wanga, ndiyo maana mkate wa mofa
ukitafunwa sana hugeuka utamu.
Koo husukuma tonge, msuli kwa msuli,
hata ukisimama kwa kichwa litafika.
Tumboni mna ndimu isiyochumwa mtini,
na kuta hujipaka ute zisijipike zenyewe.
Kisha utumbo mwembamba, futi ishirini ndani ya mtu mmoja:
nyongo yaja kutawanya samli,
kongosho lamimina vyake,
damu yasimama na sinia, yangoja kupakuliwa.
Wa mwisho ni utumbo mpana. Huyo ni mke wangu, Mwanakheri,
akikamua machicha: haachi tone.
Akikamua mno, choo chawa kokoto.
Asipokamua, wakimbilia msalani kikoi mkononi.

Lakini ukutani palikuwa na kitu.
Cheupe katikati, kingo zimevimba,
kama ukoko uliogandia chini ya wali.

Nikajua nimeunguza mwenyewe.
Usiku kucha magoti juu ya saruji,
na alfajiri vidonge viwili vya maumivu
kwa kahawa chungu, tumbo tupu,
maana mpishi hali, mpishi huonja.
Kiungulia kikipanda, nakizima kwa maziwa.
Choo kilipokuwa cheusi kama lami, siku nne,
nikajiambia ni ukwaju.
Nani humwambia mkewe neno kama hilo?
Mwanakheri alijua kwa harufu.
Nilifungua mlango nikamkuta na buibui mwilini.
"Vaa viatu."

Katana kanyofoa kipande, kidogo kuliko mbegu ya iliki,
akapime kama kuna kijidudu.
"Huishi humo humo, kwenye ile tindikali."
Mpangaji ndani ya ndimu!
Kicheko kikanishika na bomba kooni,
nikakohoa hadi machozi.

Sasa ni wiki ya tatu.
Dawa asubuhi na jioni, vile vidonge vya magoti nimevitupa,
na magoti, wallahi, yanadai.
Juzi kulikuwa na arusi, sufuria kumi na moja.
Kabla ya wageni nikajipakulia sahani,
nikavuta kibago, nikaketi.
Wapishi wakatazamana.
"Mwalimu, chumvi vipi?" akauliza Bwanaheri.
Nikamwonyesha kiganja: ngoja.
Bado natafuna.