Ukurasa wa Tisa

Kazi yangu haina stetoskopu.
Nina jedwali la safu arobaini na moja,
na kila safu ina mtu anayesema "wiki ijayo".
Dawa imeshavuka bahari, imelala ghalani Leeds,
nami niko Bradford, ghorofa ya pili, juu ya jiko la hospitali,
nanusa vitunguu tangu saa nne
nikiuliza kwa upole, mara ya sita sasa,
nani atatia saini.

Mwanasheria wa mfadhili anataka "hasara" iwe "madhara".
Mwanasheria wetu anataka ibaki.
Siku kumi na saba wamelivuta neno hilo
kama watoto wanavyovutana shuka usiku wa baridi,
na anayelala wazi
hayumo katika barua pepe hata moja.

"Haraka haraka haina baraka,"
nilimwambia Daktari Rafferty aliponinasa kwenye ngazi.
Ana wagonjwa wanne wanaongoja,
mapafu yao yanakakamaa kama sifongo iliyosahauliwa dirishani.
Akanitazama tu.
Methali ni tamu kwa mwenye pumzi.

Jumapili jokofu la dawa lilipanda hadi nyuzi tisa
kwa dakika ishirini. Tupu lilikuwa, lakini limeandikwa.
Nyuzi tisa zataka maelezo,
maelezo yataka fomu,
na fomu tuliyo nayo ni toleo la tatu
ilhali sisi tuko la nne.
Rukhsana mfamasia alicheka hadi akaketi sakafuni.
Nikaketi naye. Tukaijaza hapo hapo,
migongo yetu kwenye mlango unaonguruma.

Kisha waraka wa mgonjwa, kurasa ishirini na tatu.
Tuliupeleka kwa wakaazi waukosoe,
ukarudi kutoka kwa Bwana Wilf Garside,
miaka thelathini na moja dereva wa basi,
juu na chini, Manningham Lane, mvua na theluji.
Biro nyekundu. Ukurasa wa tisa.
Tulikuwa tumeandika:
*manufaa ya moja kwa moja kwa mshiriki hayawezi kuhakikishwa.*
Amekata mstari mmoja, ulionyooka.
Pembeni, kwa herufi za mtu asiyependa kuandika:
*Huenda isikusaidie wewe.
Huenda ikamsaidia anayekuja nyuma yako.*
Na chini kabisa, kwangu mimi:
*Basi likiharibika humwambii abiria "huduma imesitishwa".
Unamwambia, shuka mama, tutembee.*

Niliipigania sentensi hiyo.
Kubadili maneno ni kurudi kamati ya maadili,
na kamati hukutana siku yake, haikutani siku yako.
Wiki tatu.
Nilijua ni wiki tatu. Nilizihesabu kwenye kalenda
kabla sijabonyeza "tuma".

Wiki ya pili, idadi tarajiwa kwenye jedwali
ilibadilika kutoka nne kuwa tatu.
Hakuna aliyenitajia jina.
Tarakimu tu, nyeusi, safu ya kumi na nane,
na juu yake saa na dakika ya aliyeibadilisha.
Niliitazama hadi taa ya ofisi, inayojizima
isipoona mtu akitikisika,
ikajizima.

Saini ya mwisho iliingia Alhamisi jioni.
"Hasara" ilibaki "hasara". Hakuna aliyeeleza kwa nini.
Niliandika mlango umefunguliwa, nikawatumia watu ishirini na sita,
wanane wakajibu kwamba wako likizo.

Jumanne, saa nane na dakika kumi,
ujumbe wa nesi Imelda kutoka kliniki:
*001 amesaini.
Ukurasa wa tisa ameusoma mara mbili, kwa sauti.
Anauliza nani kauandika.*

Niliandika: kamati.
Nikafuta.
Niliandika: mwambie, dereva wa basi.
Ikaenda.

Chini jikoni walikuwa wanaosha masufuria.
Nikafungua jedwali lingine,
jeupe bado,
safu ya kwanza: jina la utafiti,
safu ya pili: nani atatia saini.