Kiatu cha Kulia

Mimi nasoma soli.
Niachie viatu vyako hapa Tandika, karibu na mashine ya kusaga,
nikueleze ulivyo bila kukuona uso:
huyu hubeba mzigo bega la kulia,
huyu ana haraka, visigino vimelika kwa nyuma,
huyu dereva, soli nzima ila pale pa klachi.

Ya mwanangu nilijifunza polepole,
kama mtu asiyetaka kujua kusoma.

Alikuwa na miaka minne. Homa jioni,
usiku degedege, macho juu, meno yamebana kijiko.
Tukakimbia naye Temeke.
Siku sita hakuniita.
Ya saba akasema "maji", wodi nzima ikashangilia,
mama yangu akapeleka sadaka ya tende msikitini,
na kila aliyekuja kutupa pole akaondoka na neno hilo:
amepona.

Amepona, ndiyo.
Ila mkono wa kushoto ulibaki umekunja ngumi
kama umeshika sarafu aliyoambiwa asiipoteze,
na mguu wa upande ule ukaanza kusimamia vidole.
"Akikua utanyooka," walisema majirani.
Akakua. Mfupa ukarefuka, msuli ukabaki nyuma:
kamba ileile, kisima kinazidi kina.

Mtaalamu wa viungo, binti mmoja mpole anaitwa Nsia,
alinionyesha: kandamiza kisigino, hesabu thelathini, achia.
Asubuhi kabla ya chai, usiku kabla ya kulala.
Nikauliza, mpaka lini?
Akapangusa meza isiyo na vumbi.
"Jeraha la ubongo halikui," akasema,
"lakini mtoto anakua."

Miaka saba sasa nahesabu thelathini.
Havintishi huhesabu nami,
anaruka kumi na saba makusudi
aone kama nasikiliza.

Kiatu chake cha kushoto huisha kwa miezi miwili.
Pale mbele, penye kidole gumba, soli inakuwa karatasi.
Nabandika kipande cha tairi; lami inakula tairi.
Cha kulia kinabaki kipya, kinanitazama.
Hakuna duka Kariakoo linalouza kiatu kimoja.
Niliuliza, wakacheka, nami nikacheka nao,
nikalipia jozi.
Basi vya kulia navitundika msumarini juu ya banda,
vyeusi vya shule, tisa, kidogo hadi kikubwa.
Mke wangu anasema nivitupe, vinaleta nuksi.
Sikuvitupa. Sikujua nangoja nini.

Jumanne, mvua imetoka kunyesha, mama mmoja wa Yombo
akanirushia kiatu kwenye turubai.
"Kishone. Mtoto mzembe, anaburuza makusudi, nimeshamchapa."
Nikakigeuza.
Kisigino kizima kama siku ya dukani.
Mbele, tundu.
Cha kulia.

Sindano ikabaki hewani.
"Huyu mtoto," nikasema, "aliumwa nini?"
Akanitazama kama nimefungua mkoba wake.
Akakaa juu ya ndoo yangu.
Lori. Njia ya Buza. Kichwa. Mwaka juzi.
"Lakini walisema amepona."
"Ndiyo," nikasema. "Anavaa namba ngapi?"
"Thelathini na moja."

Nikanyoosha mkono msumarini.
Nilimtoza mia tano, ya gundi;
cha bure humwonea mtu haya asirudi,
nami nilitaka arudi, na mtoto, na kisigino chake,
nimwonyeshe thelathini.

Jioni Havintishi akatoka shule. Nilimsikia kabla hajatokeza:
ta, krrr. Ta, krrr.
Akavihesabu viatu kwa macho.
"Kimoja kiko wapi?"
Nikamweleza.
Akavua begi kwa mkono mmoja,
akafikiri kama fundi aliyeombwa ushauri.
"Mwambie asivae soksi za nailoni," akasema.
"Kisigino kinateleza, kiatu kinamvuka."
Kisha akakaa, akaweka mguu mapajani mwangu,
mapema kuliko siku zote.
"Moja," akasema.