Hesabu ya Waya

Ndani ya kabati la mama, chini ya kanga za misiba,
imo bahasha ya kaki yenye vyeti vyangu saba.
Cha sabuni ya maji: siku mbili, ukumbi wa kata, chai na kitumbua.
Cha ujasiriamali, wameniandika Mwanaisha,
na mimi ni Mwanashuru.
Cha kufuga kuku wa kisasa,
mimi ninayepanga chumba kimoja Barabara ya Kumi na Tano
na jirani hataki kusikia hata jogoo wa redioni.

Sijutii vyote. Batiki ilinipa shuka.
Lakini mwaka huu nina laki moja na themanini,
nimeichanga kwa mikate ya kumimina, sahani kwa sahani,
na laki hiyo haina pacha.

Karatasi ya kwanza niliiokota duka la dawa, Chumbageni,
inang'aa kama paji la bwana harusi:

    Siku tatu zipitike, maisha yabadilike,
    njoo leo uandike, jina lako litukuke.

Nikaihesabu kwa vidole, maana sisi Tanga
hatumwamini mtu kabla ya kupima mizani yake.
Nane kwa nane. Vina vimekaa.
Nikasema, huyu walau kuhesabu anajua.

Nikapanda ghorofani. Kijana mwenye tai
akanipa chupa ya maji na kalamu ya kampuni.
Nikamuuliza: waliotoka hapa mwaka jana wako wapi?
"Wako kila mahali, dada."
Nitajie watatu tu, nikawasalimie.
Akatabasamu. Akaniongezea kalamu ya pili.

Karatasi ya pili haikuwa karatasi.
Kipande cha boksi, kimefungwa kwa waya
mlangoni kwa Fundi Semhando, Barabara ya Tisa:
NAFUNDISHA KUSUKA MOTA. MIEZI TISA. CHETI SINA.

Mimi kusuka najua ukili, najua nywele.
Nikawatafuta waliopita mikononi mwake.
Chausiku nilimkuta Mabawa, kwenye mashine ya kusaga,
vanishi imemganda hadi viwikoni:
"Miezi minne utalia. Wa tano utanyamaza."
Mwingine yuko Pongwe, kwenye pampu, hakuwa na nafasi ya kuongea,
na hilo nalo nililiandika kama jibu.
Nikamtafuta na yule aliyeacha, anauza mitumba,
maana aliyerudia njiani huyajua mashimo.
"Kazi haina ubaya," akasema. "Ubaya ni wa mgongo wangu."

Mama hakupenda.
"Cheti kinasomeka. Mikono utaipeleka kwa nani aisome?"
Sikuwa na jibu. Mpaka leo sina lililokamilika.

Fundi akasema, kaa wiki moja, usilipe, uone.
Siku ya tatu akanipa waya mwembamba kama uzi wa kushonea kofia:
koili moja, mizunguko themanini na sita.
Nilifika themanini na tatu.
Akapita mtu na baiskeli, akaniita kwa jina,
nikainua uso, nikaitika,
na hesabu ikaondoka naye kuelekea sokoni.
Themanini na tatu? Na nne?
Nikamwangalia fundi.
Hakufoka. Hakuguna.
"Fungua. Anza moja."

Nilifungua huku masikio yanawaka.
Kumbi saba nimekaa, viti vya plastiki, feni, maikrofoni,
na hakuna hata mmoja aliyewahi kuniambia fungua.
Wote walinipigia makofi.

Sijui kama mwezi wa tano utanikuta.
Sijui mgongo wangu ni wa nani, wa Chausiku au wa mitumba.
Jumatatu nilimpelekea elfu sitini ya mwanzo.
Akavuta daftari lenye madoa ya grisi,
akalamba ncha ya penseli,
akaniuliza jina, akaniuliza tena,
akaliandika polepole, herufi kwa herufi, kama anayehesabu:
Mwanashuru.