Miguu Sita ya Kushoto

Kalibu si kitu. Ni mahali pa kitu.
Shekuwe alinieleza hivyo akiwa amepiga magoti
mbele ya mashine yake, chumba cha chini, Mkomani,
nywele zimejaa chembe za buluu za ile nta ngumu
aliyoiagiza Mombasa: kipande kimoja, bei ya mbuzi.

Mashine yenyewe haifiki ukubwa wa kabati la sahani.
Mota ya kukatia mbao, reli, skrubu tatu ndefu,
na kompyuta iliyong'oka kitufe cha kufuta,
kwa hiyo Shekuwe hafuti. Akikosea huanza upya.
Hewa ya chumvi inazila reli. Kila alfajiri
huzipangusa kwa mafuta ya cherehani,
na kila magharibi mama huuliza
ni nani humu ndani anayekunywa mafuta yake.

Ukutani, zidaka.
Mafundi wa chokaa walizikata kabla ya babu wa babu,
safu juu ya safu, uwazi juu ya uwazi.
"Wale walijua," akasema. "Kwanza unalipamba tundu,
ndipo unatafuta sahani ya kulikalia."

Ncha ya milimita tatu ikashuka.
Ikala. Ikapanda. Ikasogea unywele. Ikashuka.
Saa nne na nusu kwa nusu ya mguu,
na saa ya tatu umeme ukakatika:
ncha ikabaki imesimama ndani ya nta
kama mtu aliyesahau alichokifuata chumbani.
Tukala mkate wa mofa. Umeme uliporudi
mashine haikujua ilikuwa wapi;
ikaanza kuchonga hewa, kwa bidii, bila haya.
Akaizima. Akapitisha karatasi chini ya ncha,
akaishusha, akaishusha,
mpaka karatasi ikakwama. "Hapo," akanong'ona,
"hapo ndipo sifuri."

Mguu wa kwanza haukutoka.
Kuta za kalibu alizichonga wima kama kisima,
utomvu ukaganda, ukang'ang'ania,
tukaivunja kwa patasi, mguu ukavunjika nayo.
Usiku mzima hakusema neno.
Asubuhi alizilaza kuta kidogo, kiasi cha nyuzi mbili,
zimpishe mgeni njia.
Kalibu ijue kukaribisha, lakini ijue na kuaga.

Tukapaka vaselini. Tukachanganya chupa mbili, sawa kwa sawa.
"Mimina kama tui," nikamwambia, maana hilo nalijua mimi,
"uzi mwembamba, pembeni, usilikimbilie povu."
Naye akagonga meza kwa ngumi, taratibu,
mapovu yakapanda, yakapasuka moja moja.

Alhamisi tulikuwa na miguu sita.
Akaipanga mkekani, mitatu huku, mitatu huku,
akamwita mama aje aone.

Mama akaitazama. Akaigeuza mmoja. Akaigeuza mwingine.
"Mwanangu, mbona yote ya kushoto?"

Kalibu moja, alimimina mara sita.
Hakukumbuka kuwa kulia ni kushoto kwenye kioo.

"Mguu wa kushoto," mama akasema, "ni wa kuingilia chooni.
Huyu mdudu wako ataingiaje kwa watu?"

Nikacheka hadi nikakaa chini, kwa sababu
mdudu mwenyewe anatengenezewa bomba,
lile kuukuu lipitalo chini ya mabafu manne
kutoka kwa Bi Mwanatumu hadi mtaroni,
lililoziba tangu mfunguo mosi.
"Huko huko ndiko aendako, mama!"

Shekuwe hakucheka. Alikuwa amekwisha kuketi,
anatafuta kwenye mistari elfu mbili ya namba
pa kuitia alama moja ya kutoa.
Akaipata. Nta mpya. Karatasi. Sifuri.
Ncha ikashuka, mara hii ikaelekea upande wa pili.

Ile kalibu iliyovunjika mama hakuitupa.
Ameiweka kidakani, cha tatu kutoka chini.
Anatilia pini zake, na ufunguo wa kabati
ambamo sasa ameyafungia mafuta.