Wote Wanaoitwa Pima

Saa nane usiku umeme ulirudi Cimpunda,
na kila nesi, kwa kukosa imani, alibonyeza mara mbili,
mara tano, kama anayegonga mlango wa jirani kiziwi,
na kila kubonyeza kukazaa *pima* mwingine.
Sasa wako arobaini na mmoja ndani ya mashine moja kuukuu,
jina moja wote, wote wakingoja karatasi
kutoka kwa printa iliyokufa tangu Jumanne.
Feni inahema. Mvua ya Bukavu inapiga bati.
Nimekaa na chai iliyopoa
mbele ya kioo cheusi, na kimstari kinachopepesa:
sema, sema, sema.

Kazi hii nilifunzwa na Nsimire, kabla hajahamia Kindu.
Alikula karanga huku akifundisha, maganda juu ya kibodi.
"Mashini haijui mutu," alisema. "Inajua tu ile uliandika."
Andika jina, na amri itawashusha wote kwa pumzi moja.
Namba kumi na tano inabisha hodi:
maliza ulichoshika, funga daftari, toka.
Namba tisa haibishi.
Na ziko mashine za kizazi kingine, alisema,
ambako neno hilohilo halingoji kutajiwa jina;
linazima kila kitu,
na wewe uliyeliandika unabaki gizani na kidole chako.

Nimeandika jina. Herufi nne.
Kidole kiko juu ya kitufe.

Darasa la nne, kule Kadutu,
tulikuwa Murhula wanne.
Mwalimu akiita "Murhula!" madawati manne yanalia kwa pamoja.
Alichoka, akatugawia namba kwa chaki.
Wa kwanza alikohoa mwaka mzima.
Wa pili ni mimi.
Wa tatu, msichana, alitushinda sote kwa hesabu.
Wa nne alikuja kuuza vocha za simu pale Essence,
kijana wa adabu, mtu wa kuitika.
Usiku mmoja walifika watu na jina kwenye karatasi.
Jina tu.
Wakaita,
naye akaitika.

Nafuta herufi nne, moja moja, kinyumenyume.

Kwanza nataka orodha:
nani humu anaitwa hivyo, namba yake ipi, alizaliwa saa ngapi.
Inateremka kiooni, ndefu kama ngazi za Kadutu,
wote wa saa nane na dakika, saa nane na dakika,
na mstari wa ishirini na saba, kimya kabisa,
*pima-damu*,
wa juzi asubuhi, mwenye betri yake mwenyewe,
anayemhesabia Nabintu chupa za damu kule chumba cha upasuaji.
Amri yangu ingemsomba naye.
Kosa lake: kuanza kwa herufi zilezile.

Simu. Daktari Cubaka, sauti ya usingizi na hasira:
"Murhula, unangoja nini? Zima zote!"
"Nazima, daktari."

Nazima kwa namba.
Elfu nne mia mbili na sita: hodi. Ametoka.
Mia mbili na saba: hodi. Ametoka.
Mia mbili na tisa hasikii. Nabisha tena. Nangoja.
Nabisha.
Mmoja tu nilimpelekea tisa,
na hata huyo niliisoma namba yake kwa sauti,
chumba kitupu, saa kumi kasoro.
Kazi ya kufumba na kufumbua imekula nusu saa
na chai yote.

Feni imetulia. *Pima-damu* anaendelea:
chupa sita.
Chupa tano.

Chini, langoni, mlinzi anaita:
"Murhula!"

Sijaitika.
Nangoja ataje na jina la baba.